Sura ya Sita: Mvuvi Akiugua, Ziwa Nalo Huugua

Takawiri ni kisiwa kidogo cha Kaunti ya Homa Bay, jirani na Mfangano, na wageni hukijua kwa mchanga wake mweupe. Kwa wenyeji, ufuo ule una kazi nyingi. Hapo omena, yaani dagaa, huanikwa, mitumbwi huvutwa nchi kavu, nguo hufuliwa, watoto huoga, ng'ombe na mbuzi hunyweshwa, na madumu hujazwa maji ya kupikia. Mvua kubwa ikinyesha, kila kilichoachwa juu ya ardhi huteremka hadi maji yale yale: kinyesi cha watu, samadi, majivu, mafuta ya injini.

Mjini, uhusiano wa mambo haya hufichika. Maji hutoka bombani, nyama hutoka buchani, uchafu hupotelea mtaroni, na kila kimoja kina ofisi yake. Kisiwani hakuna pa kuuficha. Mtu, mnyama na maji wanaishi uani pamoja, na kinachompata mmoja huwafikia wengine kabla msimu haujaisha. Wataalamu wa siku hizi wanaiita fikra hii Afya Moja: kwamba afya ya binadamu, ya wanyama na ya mazingira hushikana, na anayetibu moja peke yake hujikuta akiirudia kazi ileile kila mwaka.

Sura hii inaufuata mshikamano huo kwenye fuo za Takawiri na majirani zake, ikiwa na hoja moja ya kutetea. Tumezoea kusema kwamba ziwa chafu huleta maradhi, na ni kweli. Lakini hiyo ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni kwamba watu wagonjwa nao hulidhoofisha ziwa. Anayetaka samaki warudi lazima aanze kuulizia afya ya mvuvi.

Njia ya kichocho

Mwaka 2012 watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Kitabibu ya Kenya, KEMRI, pamoja na wenzao walichapisha matokeo ya kuwapima watoto wa shule za Mbita na visiwa vinavyoizunguka, Takawiri kikiwamo. Karibu watoto 6 kati ya kila 10 walikuwa na kichocho cha utumbo. Hiki ni tofauti na kichocho kinachojulikana zaidi Pwani, kile cha mkojo wenye damu. Cha utumbo huja kimya. Mtoto huumwa tumbo, huchoka, hupungukiwa damu, hubaki nyuma darasani, na mara nyingi hakuna anayeshangaa kwa sababu wenzake nao wako vivyo hivyo.

Minyoo yake hukaa kwenye mishipa ya damu inayozunguka matumbo, na huweza kuishi humo kwa miaka. Jike hutaga mamia ya mayai kila siku. Baadhi hutoka na choo, mengine hunasa kwenye ini. Miaka ikipita ini hukakamaa, bandama huvimba, tumbo hujaa maji, na mtu mzima ambaye utotoni alionekana mzima anaweza kuanza kutapika damu.

Yai lililotoka na choo halina madhara mpaka lifike majini. Likifika, huangua kijidudu ambaye ana muda wa takriban siku moja tu wa kumpata konokono wa aina maalumu. Akimkosa, hufa. Akimpata, huzaliana ndani yake kwa wiki kadhaa, kisha konokono huyo mmoja huanza kumwaga vijidudu vipya kwa maelfu. Humwagwa zaidi jua linapokuwa kali, yaani saa zilezile ambazo kina mama hufua, wavuvi husafisha nyavu na watoto hucheza majini. Kupenya ngozi ni suala la dakika chache.

Dawa ipo, prazikwanteli, nayo ni nzuri. Huua minyoo iliyokomaa, na kwa miaka mingi imegawiwa shuleni. Kwa watoto wadogo wa chini ya umri wa shule ilikuwa vigumu, kwa kuwa vidonge ni vikubwa na vichungu. Dawa mpya iliyotengenezwa kwa ajili yao ilipata idhini ya kitaalamu ya Shirika la Dawa la Ulaya mnamo Desemba 2023, baada ya majaribio yaliyofanywa Kenya na Kodivaa. Hayo ni maendeleo ya kushangiliwa. Hata hivyo prazikwanteli haimkingi mtu na maambukizi mapya. Mtoto anaweza kumeza dawa asubuhi na jioni akaingia ziwani kuteka maji, akaanza upya. Aliyetibiwa ni mtoto. Konokono hakuguswa, na choo cha ufuoni hakijajengwa.

Hata kilichojengwa hakiko salama. Mnamo Mei 2020 Ziwa Viktoria lilipanda hadi kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu mafuriko ya miaka ya 1960. Maji yaliingia majumbani, yakafunika mashamba na vyoo vya shimo vya fuo nyingi. Hapo mabadiliko ya mvua, ambayo wengi huyaona kama habari za angani, yaligeuka kuwa habari za matumbo ya watoto.

Fulu, mbuta na kuni

Konokono wana maadui wao, na maadui hao walikuwa samaki. Kabla ya mbuta, yaani sangara, kutawala, Ziwa Viktoria lilikuwa na aina zipatazo 500 za fulu, samaki wadogo wa rangi nyingi ambao kila kundi lilikuwa na chakula chake. Wapo waliokula mwani, wapo waliokula mabuu ya wadudu, na wapo waliokuwa na taya kooni za kusagia makombe ya konokono. Kamongo, samaki mwingine wa ziwa hili, naye hula konokono.

Mbuta aliletwa ziwani katika miaka ya 1950. Kwa muda alionekana kutulia, kisha katika miaka ya 1980 akaongezeka ghafla, na mamia ya aina za fulu yakapungua au kutoweka kabisa. Viwanda vya kusafirisha minofu ng'ambo vilinufaika, na wavuvi wengi walipata fedha ambazo hawakuwahi kuzishika. Gharama zilijitokeza mahali pengine. Fulu aliweza kukaushwa kwa jua. Mbuta ana mafuta mengi, kwa hiyo hukaangwa au kubanikwa, na kubanika kunataka kuni. Miti ya vilima vya ufuoni ilikatwa, kina mama wakabaki kwenye moshi, udongo usio na mizizi ya kuushika ukateremka ziwani pamoja na rutuba yake. Rutuba hiyo, ikijumlishwa na maji machafu ya miji na mbolea ya mashamba, hulisha mwani na magugu maji. Magugu yaliyotanda karibu na ufuo huwapa konokono kivuli na mahali pa kujishika.

Tazama mzunguko ulivyofungika. Uamuzi wa kupandikiza samaki mmoja uligusa mapafu ya mama anayebanika, mteremko wa kilima, na idadi ya konokono mahali mtoto anapoogelea. Kwenye Ziwa Malawi watafiti wamehusisha kupungua kwa samaki wala konokono, kutokana na uvuvi wa kupita kiasi, na kuenea kwa kichocho kwenye fuo zilizokuwa salama kabla ya miaka ya 1980.

Kenya yenyewe ilijaribu kumtumia samaki wa jamii ya fulu, Astatoreochromis alluaudi, kupunguza konokono mabwawani. Matokeo yalitoa funzo la thamani. Taya za samaki huyu hukua kulingana na chakula anacholelewa nacho, na aliyezoea chakula laini hupata taya dhaifu zisizoweza kuvunja kombe. Kumrudisha mnyama mmoja hakutoshi kama mazingira yaliyomfanya awe na manufaa hayapo. Kulinda fulu waliosalia kwenye ghuba na miamba ya Mfangano na Takawiri ni rahisi kuliko kuwatengeneza upya.

Chandarua juu ya mchanga

Malaria nayo ina makao ya kudumu visiwani. Tangu 2012, watafiti wa Japani, Uswidi na Kenya wamewapima wakazi wa Mfangano, Takawiri, Kibuogi na Ngodhe pamoja na kijiji cha Ungoye kilicho bara. Waliona kwamba maambukizi mengi yalikuwa kwa watu wasiohisi ugonjwa wowote, na kwamba mengi hayakuonekana hata kwa darubini mpaka vipimo vya vinasaba vilipotumika. Mtu anayejiona mzima, anayevua usiku na kuuza asubuhi, ndiye anayemlisha mbu vimelea.

Mbu wenyewe huzaliwa pale watu na mifugo wanapofanya kazi. Wapo wanaopenda maji yenye majani ya ukingo wa ziwa. Wapo wanaotaga kwenye alama za kwato za ng'ombe zilizojaa maji ya mvua. Kwenye fuo za kisiwa cha Rusinga, viluwiluwi vyao vimekutwa ndani ya mitumbwi iliyoegeshwa, katika maji yaliyotuama chini ya mbao. Chombo cha riziki hugeuka kitalu cha homa kwa sababu tu hakikumwagwa maji kwa wiki moja.

Kinga kuu ni chandarua chenye dawa. Mwaka 2008 Noboru Minakawa na wenzake walichapisha walichokiona katika vijiji 7 vya wavuvi kando ya ziwa hili: zaidi ya vyandarua 200 vilivyotiwa dawa ya kudumu vilikuwa vimetandazwa ufuoni kuanikia omena, na vingine vilitumika kuvulia. Habari kama hiyo huwafanya watu wa mbali wawalaumu wavuvi. Watafiti waliuliza sababu, na majibu yalikuwa ya maana: chandarua kilitolewa bure au kwa bei ndogo, na omena hukauka haraka juu yake. Omena aliyelala mchangani hushika mchanga, hupoteza bei, na mvua ikija huoza. Kwa mama aliyenunua mzigo kwa mkopo, hasara ya siku moja ya mvua ni karo ya muhula.

Chandarua kikitumika kuvulia samaki, madhara ni makubwa zaidi. Matundu yake ni madogo kiasi cha kutoacha kifaranga chochote kipite, na huburutwa kwenye maji ya kina kifupi ambako ngege, samaki wa jamii ya perege, na fulu hulea watoto wao. Kwa kitendo kimoja kitanda hubaki bila kinga, na kitalu cha samaki huvunjwa. Programu ya malaria iliyotoa chandarua bila kufikiria omena ingekauka wapi ilikuwa imefanya nusu ya kazi. Meza za kuanikia zilizoinuliwa, zenye wavu wa kawaida juu yake, zinastahili kuhesabiwa kuwa kifaa cha kinga ya malaria sawasawa na chandarua chenyewe.

Ugonjwa unapoingia mtumbwini

Sasa tufike kwenye ile nusu ya pili. Mwaka 2017 Kathryn Fiorella na wenzake walichapisha utafiti uliofuata familia 303 za ukanda wa Mfangano kwa muda mrefu, wakiangalia jinsi hali ya afya inavyobadilisha uvuvi. Wengi wangetarajia kwamba mvuvi akiugua hupumzika, na ziwa nalo hupumzika. Haikuwa hivyo. Mvuvi mgonjwa hakuacha kuvua, kwa sababu ugonjwa huongeza matumizi badala ya kuyapunguza. Alichobadilisha ni namna ya kuvua. Safari za mbali kwenye maji ya kina, zinazotaka nguvu na kukesha, zilipungua. Uvuvi wa karibu na ufuo uliongezeka, na sehemu kubwa yake ni ule unaokatazwa na sheria, unaoharibu mazalia.

Matokeo haya yanabadilisha maana ya ulinzi wa ziwa. Mara nyingi anayekamatwa na wavu haramu husomwa kama mkaidi asiyejali kesho. Huenda ni mtu ambaye homa imemwondolea nguvu za kupiga kasia hadi kwenye maji halali. Doria inaweza kuchoma wavu wake leo. Haitamtibu, na kesho atatafuta mwingine.

Ukimwi umeuzidisha mzunguko huu. Uchunguzi wa kitaifa wa 2018 ulikuta kwamba karibu mtu mzima 1 kati ya 5 wa Homa Bay anaishi na virusi, wakati kiwango cha nchi nzima kilikuwa chini ya 1 kati ya 20. Sababu ni nyingi, na mojawapo imefungamana na samaki wenyewe. Samaki wanapokuwa wachache, mwanamke anayeuza omena hana hakika ya kupata mzigo kwa fedha peke yake, na baadhi ya wavuvi hudai uhusiano wa kimwili kwanza. Kando ya ziwa desturi hiyo inaitwa jaboya. Uchache wa samaki humweka mwanamke kwenye hatari, hatari huleta maambukizi, maambukizi yasiyotibiwa humdhoofisha mvuvi, mvuvi dhaifu huvua kwenye mazalia, na samaki huzidi kuwa wachache.

Lakini njia hiyo hupitika pia kinyume chake. Dawa za kupunguza makali ya virusi, zikipatikana karibu na zikimezwa bila kukatizwa, humrudishia mvuvi nguvu za kwenda mbali. Zahanati ya kisiwani yenye dawa mwezi mzima hulinda vifaranga wa ngege. Mwanamke mwenye mtumbwi wake mwenyewe, au mwenye akiba kwenye chama, hununua samaki bila kujiweka rehani. Hifadhi ya ziwa inaweza kuanzia kwenye dirisha la kutolea dawa.

Somo la malale

Ukanda huu umewahi kujifunza jambo hili kwa uchungu. Mwanzoni mwa karne ya 20 malale iliua zaidi ya watu 200,000 kwenye fuo za Uganda, na ikafika mwambao wa Kenya. Serikali ya kikoloni ya Uganda ilihamisha wakazi wa visiwa vya Ssese na kuviacha vitupu. Ilijua kwamba mbung'o ndiye mwenezaji. Haikujua vimelea vilikuwa vinajificha wapi watu wakiondoka.

Jibu lilitoka upande wa Kenya wa ziwa hili. Mwaka 1958 watafiti waliripoti kuvipata vimelea vya malale mwilini mwa pongo. Mwaka 1966 R. J. Onyango na wenzake walionyesha, kwa kuchunguza Alego, eneo ambalo sasa liko Siaya, kwamba hata ng'ombe wa nyumbani wanaweza kuvihifadhi bila kuonekana wagonjwa sana. Kuanzia hapo ilikuwa wazi kwamba daktari wa watu peke yake hawezi kuimaliza malale hii. Kwenye Bonde la Lambwe, bara karibu na visiwa hivi, mlipuko wa mwanzoni mwa miaka ya 1980 ulihitaji kupima watu, kupambana na mbung'o hata kwa kunyunyizia dawa kutoka angani, na kuangalia mifugo. Mwaka 2006 Uganda ilianzisha kampeni ya kutibu ng'ombe kwa wingi ili kuwalinda watu. Sindano aliyodungwa fahali ilimkinga mwenye zizi.

Rusinga imetoa mfano wa karibu zaidi wa kushughulikia mambo kwa pamoja, safari hii kwa malaria. Kati ya 2012 na 2015, kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, chenye kambi ya utafiti hapo Mbita, na washirika wake waliweka majumbani mitego inayotoa harufu kama ya mwili wa mtu ili kuvuta mbu. Umeme wa mitego ulitoka kwenye paneli za sola zilizowasha pia taa na kuchaji simu. Katika nyumba zenye mitego, malaria ilikuwa chini kwa karibu asilimia 30, na hakuna tone la sumu lililoingia ziwani. Watu waliutunza mtego kwa sababu uliwaletea mwanga.

Pa kuukata mnyororo

Kila mzunguko tulioupitia una mahali pa kukatwa, na hakuna palipo siri. Kichocho hukatwa kwa dawa, choo kisichofurika, maji safi ya bomba au kisima, na kulinda samaki wala konokono. Malaria hukatwa kwa chandarua, kipimo, meza ya kuanikia na mtumbwi uliopinduliwa. Uvuvi wa mazaliani hukatwa kwa tiba ya mvuvi pamoja na doria. Kenya hufunga uvuvi wa omena kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai. Miezi hiyo minne, wavuvi wakiwa nchi kavu, ndiyo ya kupima virusi, kugawa prazikwanteli kwa watu wazima wasiofikiwa na ugawaji wa shuleni, kuchanja mbwa, kuhudumia mifugo na kukarabati vyoo.

Kazi nyingine iko mbali na ufuo. Huko Migori, wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Nyatike na Macalder hutumia zebaki kukamatia chembe za dhahabu, kisha huichoma. Mvuke wake huingia kwenye mapafu ya aliyeshika karai, na mabaki hufuata vijito hadi Mto Kuja, unaomwaga maji yake ziwani. Mvuvi wa Takawiri hana kura katika mashimo hayo, ingawa mikondo ya ziwa haitambui mpaka wa kaunti. Homa Bay na Migori zinapaswa kupima maji na samaki pamoja na kuyatangaza matokeo kwa lugha ya wavuvi.

Duniani, mashirika ya afya ya binadamu, ya chakula na ya wanyama yameshirikiana rasmi kuhusu Afya Moja tangu 2010. Shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake Nairobi, lilijiunga nayo rasmi mwaka 2022. Mazingira yalikuja mezani mwisho, na hata vijijini mara nyingi ndivyo ilivyo: daktari wa watu anajulikana, daktari wa mifugo hutafutwa, na wa kulisemea ziwa haonekani.

Kisheria, Kenya haina kisingizio. Katiba ya 2010 ilizipa kaunti zahanati na hospitali za ngazi yake, huduma za mifugo, uvuvi, na maji na usafi. Mambo hayo yote, ambayo yamefungamana ufuoni Takawiri, yako chini ya gavana mmoja na bunge moja la kaunti. Kinachokosekana ni bajeti inayoyasoma kwa pamoja. Kila ufuo una kamati yake ya usimamizi, BMU, inayoujua kila mtumbwi na mwenyewe. Kamati hiyo ikiketi mara moja kwa mwezi na muuguzi wa zahanati, afisa wa mifugo na mwakilishi wa kina mama wa omena, na ikipewa fungu dogo la kujenga choo kilichoinuliwa, meza za kuanikia na bomba la maji, itafanya kwa shilingi chache kile ambacho idara nne zilizotengana zimekuwa zikikifanya nusunusu. Hoja hiyo ipelekwe kwenye vikao vya maoni ya bajeti ya kaunti, ambamo sheria inataka wananchi washirikishwe. Mwenye haki ya kuitoa ni kila anayekunywa maji ya ziwa.